Figa la Kwanza Kwenye Foleni

Msimu mzima wa maigizo ulitugharimu debe moja na nusu la unga wa njano, jogoo mmoja, kichupa cha wanja kilichoazimwa kisirudi, na figa moja la jikoni kwa mama yangu. Nimehesabu mara mbili. Masanduku ya sabuni siyaweki humo, kwa sababu tuliyarudisha yote yakiwa matupu kama tulivyoyachukua. Ukilinganisha na tulichopata, ilikuwa bei ya kutupa. Linalonisumbua ni hilo figa tu, maana mpaka leo halijarudi nyumbani.

Nililikumbuka tulipomaliza arobaini ya mama. Ndugu zangu waligawana vitanda, vikombe na mashuka kwa adabu ile ya watu wanaotazamana kwa pembe ya jicho. Mimi nikasema nataka mafiga. Walifurahi sana, hakuna aliyeshindana nami. Nikaingia kwenye jiko la udongo nyuma ya nyumba nikayakuta kama yalivyokuwa siku zote: mawili ya mawe, meusi, yamelainika mabegani kwa kubeba sufuria, na la tatu si jiwe. La tatu ni dramu ya breki ya lori. Wifi yangu akaligonga kwa ncha ya kiatu. "Sasa hili chuma lilifikaje jikoni?" Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema basi, anasubiriwa na gari. Kwa hiyo nawasimulia nyinyi mliokula unga wa njano, maana wasioula itanibidi kwanza niwaeleze kwa nini mtu mwenye akili zake alikuwa anapanga foleni kabla ya kuuliza inauzwa nini.

Nyinyi mnajua. Neno lililosemwa zaidi madukani miaka ile lilikuwa "hamna." Sukari hamna, kiberiti hamna, kanga hamna, sabuni ndiyo usiulize kabisa. Pale Ziwa Babati wanawake walifua kwa magadi na majani ya mpapai, shati jeupe likawa na rangi ya wingu la masika, na kwa kuwa wote tulikuwa hivyo hakuna aliyeona haya. Harufu ya sabuni ya mche ikipita njiani, watu waligeuka kumtazama mwenye nayo kama wanavyogeukia leo gari jipya.

Na foleni ilikuwa ya mawe. Mtu hawezi kusimama mlangoni mwa duka tangu alfajiri akisubiri lori ambalo huenda lisije. Ana shamba Nakwa, ana mtoto mgongoni. Basi anaweka jiwe lake kwenye mstari, anakwenda zake, na jiwe lile linakuwa yeye. Kulisogeza lilikuwa kosa kubwa kuliko kumtukana mwenyewe. Kila mtu alilijua jiwe lake kama anavyomjua mbuzi wake, na lori likifika, watu walitokea kila upande, kila mmoja akasimama juu ya jiwe lake kimya kama aliyekuwepo tangu jana.

Mimi, nikiwa darasa la tatu, nilikuwa na shughuli zangu katika foleni hizo. Nilishikia watu nafasi. Jiwe langu lilikuwa jeupe la kung'aa, nililiokota chini ya mlima Kwaraa, na sikuliweka mahali mpaka niwe na hakika. Sikuwa mtabiri, nilikuwa na macho tu. Lori lililotoka Arusha limekaa chini kwenye matairi limebeba kitu; linalorukaruka halina kitu. Mke wa mwenye duka akifagia mbele ya mlango mapema bila kusukumwa na mtu, mzigo umeshaingia kwa nyuma. Nilikosea mara chache, na kwa hiyo likatokea jambo nisilolipanga: watu wakaanza kulifuata jiwe langu. "Jiwe la Paska liko wapi leo?" ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi. Jirani yetu Bibi Matle, aliyeteremka kutoka Mbulu akiwa mtu mzima, na ambaye Kiswahili chake kilipitia kwanza kwenye Kiiraqw ndipo kikatoka, alinilipa kijiko cha asali kwa kila nafasi. Alianza na nusu kijiko. Tulizungumza.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kitambaa hakikuwepo. Cherehani lilikaa barazani limefunikwa shuka la kijani, likiwa safi kuliko sisi. Mtu mwenye mikono kama ya baba hawezi kukaa bure, basi akawakusanya wenzake, wote mafundi wa vitu visivyopatikana: Damiano, dereva asiye na matairi, Mama Yusto, mpika mandazi asiye na mafuta, mwashi asiye na saruji na wengine wa namna hiyo. Wakaanzisha kikundi cha maigizo wakakiita Pazia Jekundu. Pazia hawakuwa nalo, la rangi yoyote.

Mwaka wa kwanza waliigiza igizo moja kwenye ukumbi wa mji, na nusu ya waliokuja walikuwa ndugu zetu. Kibaya zaidi, kikundi cha jirani zetu wa Bonga kikalichukua lile igizo, kikabadilisha jina la bwana harusi tu, kikajaza watu mpaka madirishani. Baba aliumia kama aliyeibiwa ng'ombe. Mwaka uliofuata akaja na mpango mkubwa: si igizo, bali msimu. Maigizo matatu, Jumamosi tatu mfululizo, saa kumi jioni, baada ya mavuno, ili watu wawe na mahindi ya kulipia. Kiingilio kisahani kimoja cha mahindi kwa kichwa. La kwanza liliitwa "Duka la Shemeji", la pili "Mbuzi Mahakamani", la tatu "Harusi ya Kuazima". Majina hayo aliyaandika kwa chaki ubaoni pale sokoni. Yaliyomo ndani yalikuwa siri. Mtu asiseme neno nje ya ukumbi, hata kwa mtoto wake, sembuse mtoto anayeshinda kwenye foleni.

Mama hakuyachukia maigizo. Alichukia kuyapikia. "Nawalisha watu wazima wanane ili wajifanye watu wengine," alisema, "na hata wakiwa wenyewe hatuwawezi." Alikuwa bado hajaingia ukumbini hata mara moja. Na wakati huo mdogo wake, Mjomba Sabas, alikuwa amekuja kutoka machimbo ya Mererani na redio begani, akiicheza kwa sauti hata akiwa anasalimiwa.

"Shemeji," alimwambia baba, "kule chini ya ardhi hakuna anayeuliza habari ya kitambaa. Jumatatu ya wiki ijayo napanda lori. Twende."

Nilikuwa nimelala chumba cha pili, yaani nilikuwa nimefumba macho. Nilimsikia mama akiweka sufuria chini.

"Baba Paska, tukubaliane hapa hapa mbele ya Sabas. Jumamosi ukumbi ukijaa, mimi sisemi tena. Usipojaa, Jumatatu unapanda lori."

"Kujaa ndiyo kukoje?"

"Kujaa ni kujaa."

"Mabenchi yote, au na watu wa madirishani?"

"Mabenchi yote."

"Pamoja na lile lililovunjika mguu?"

Mfuniko wa sufuria ukalia. "Pamoja na hilo."

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kupatana bei.

Mererani nilikuwa naijua kwa njia moja tu. Baba yake Yusto alikwenda huko nikiwa darasa la kwanza, na tangu hapo Mama Yusto akiulizwa habari zake alisema, "Yupo, Mererani," kwa sauti ile ile watu wanayomtajia marehemu. Usiku ule nilimuweka baba yangu kwenye sentensi hiyo nikaona inamkaa vizuri mno. Sikulala kwa kujifanya tena, sikulala kabisa.

Alhamisi jioni, nikirudi na ndoo ya maji, nikaona mkokoteni wa ng'ombe umesimama nyuma ya ukumbi, umefunikwa turubai. Baba na Damiano walikuwa wanashusha. Upepo ukainua pembe ya turubai, nikaona sanduku, na sanduku lile nilikuwa nalijua kama jina langu: sabuni ya mche. Wenzangu, nawaomba mkielewe nilichokiona. Kila sanduku lilibebwa na watu wawili. Walitembea wamekunja magoti, wanakokota miguu, Damiano anaguna, baba anasema, "Polepole, litakuvunja mgongo." Nikajificha nyuma ya mti mpaka wakamaliza. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba baba alikuwa amewaamuru wayabebe masanduku matupu kama yamejaa tangu siku ya kwanza, ili mwili uzoee. Siku ile nilijua jambo moja tu: sanduku tupu halibebwi na watu wawili.

Ijumaa nilipotoka shule nikaingia jikoni ghafla. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya ubao, na juu ya ubao pana miche ya njano, mirefu, yenye kona kali, inatoa mvuke kidogo. Alikuwa ameshika uzi kwa mikono miwili, anaikata vipande kwa uzi kama walivyokata madukani. Akaitupia kanga juu.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mama."

"Ndivyo hivyo."

Kwa mtoto mwingine ingekuwa fumbo. Kwangu ilikuwa hesabu iliyokwisha. Baba yangu si mwigizaji. Baba yangu ni mlanguzi. Haya maigizo ni geresha, Jumamosi sabuni inauzwa ukumbini, na mama yumo. Najua ningepaswa kuogopa, kwa sababu walanguzi walikuwa wakisakwa nyumba hadi nyumba na shuleni tuliimba nyimbo za kuwalaani. Lakini nilichohisi ni moyo kutulia. Mtu mwenye sabuni haendi Mererani. Mtu mwenye sabuni anakaa kwake, na Mererani ndiyo inamjia.

Sikumwambia mtu neno hata moja. Nilichukua jiwe langu, nikaenda ukumbini, nikaliweka mlangoni.

Kabla jua halijazama mawe yalikuwa yamefika kumi na saba. Jumamosi asubuhi mstari ulikuwa umezunguka kona ya ukumbi ukaelekea barabara ya Dodoma. Mawe, matofali nusu, kopo lenye mchanga, kikapu kilichotobolewa kitako kwa makusudi ili kisiibiwe. Mgambo wa sokoni aliona haya kuweka jiwe kama raia, akaweka kofia yake, na jiwe ndani ya kofia.

Baba alipokwenda kufungua mlango saa sita, aliyaona. Nilikuwa nyuma yake. Alisimama. Akautembea mstari wote mpaka mwisho, akarudi, kisha akainama akaligusa jiwe la kwanza kwa vidole viwili, kama anavyogusa kitambaa kizuri asichoweza kukinunua. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Umeona, Paska? Watu wanapenda maigizo."

Nilifikiri anaigiza. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Saa tisa wenye mawe wakaanza kufika, na walifika na mabeseni. Baba aliyatazama mabeseni kwa muda. Hakuna mtu anayekwenda kwenye maigizo na beseni. Bibi Matle, aliyekuwa wa pili nyuma ya jiwe langu, akamwuliza kwa heshima zote, "Baba Paska, mnatoa miche mingapi kwa mtu?"

"Miche ya nini, Bibi?"

"Ya sabuni, mwanangu. Mimi simwambii mtu."

"Hamna sabuni hapa. Ni maigizo."

Mstari mzima ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Kama angesema ipo, labda wangeondoka. Lakini "hamna" lilikuwa neno la mtu mwenye mzigo, na tena amelisema jicho kavu, kama muuza duka mzoefu. Mtu mmoja wa katikati akasema, "Sasa hivi atasema lori limeharibika Minjingu."

"Jamani, nawaapia, masanduku ni matupu."

"Kumbe masanduku yapo," akasema mgambo, akavaa kofia yake.

Baba akatazama chini. Akaliona lile jiwe jeupe kwa mara ya pili, na safari hii alilitambua.

"Paska."

"Abee, Baba."

Hakunigombeza. Aliinama mpaka sikioni pangu akasema polepole, "Masanduku ni ya igizo, mwanangu. Na sabuni ni ugali. Mama yako ameupika ugali wa njano akaukata." Nikageuka kuutazama ule mstari, nikaanza kuyahesabu mabeseni. Damiano alikuwa ameshavaa tai na tumbo la matambara. Akanong'ona, "Tuwarudishe, kaka. Wakigundua ndani watatung'oa na milango." Baba alitazama ndani, kwenye mabenchi yaliyo wazi, lile lililovunjika limeegemea ukuta. Akatazama mabeseni. Mama alikuwa anakuja kutoka upande wa nyumbani, amebeba sinia kichwani limefunikwa kanga.

"Waingie," akasema baba. "Kisahani kimoja kimoja."

Waliingia. Walilipa bila kubishana, na hapo ndipo ujue walivyoamini. Wakajaa mabenchi yote, lile bovu wakaliwekea mawe yao wenyewe chini, wengine wakasimama madirishani. Mama aliposhusha sinia lake nyuma, nilimshika mkono nikamkalisha mbele kabisa, kwenye nafasi yangu. Alisema anakaa kidogo tu aone ugali wake utakavyoua watu.

Kule mbele masanduku yalikuwa yamepangwa kama ukuta. Damiano akatoka na tumbo lake, akasimama mbele ya masanduku hayo, na Mama Yusto akaingia akiwa mnunuzi, na mtoto wa matambara mgongoni.

"Shikamoo, mwenye duka. Naomba sabuni."

"Marahaba. Hamna."

"Ipo," ukumbi ukamjibu kwa pamoja. "Hiyo hapo nyuma yako."

Damiano alishtuka, lakini alikuwa dereva, na dereva hatoi mikono kwenye usukani. Akageuka, akayatazama masanduku, akawageukia watu. "Haya? Haya ni ya misumari."

"Fungua tuone misumari."

"Ufunguo anao mke wangu."

"Mke wako yuko wapi?"

"Kwenye foleni ya sukari."

Hapo mtu mmoja akacheka, bila kutaka. Nimeona maigizo mengi tangu siku ile, mengine kwenye kumbi zenye mapazia ya kweli, lakini sijaona tena watu wanaolitazama igizo kwa macho yale. Hawakukosa neno moja. Kila Damiano aliposema uongo walimsahihisha, Mama Yusto alipoomba angalau kipande cha kumwogeshea mtoto, wanawake wa nyuma wakalia kwa hasira ya kweli, na mmoja akamwambia, "Usimbembeleze, dada, mpige." Ilikuwa zamu ya mgambo wa igizo kuingia, mwashi wetu na bunduki ya mti, lakini mgambo wa kweli alikuwa ameshasimama. Alipanda mbele, akamshika Damiano kola, akafungua sanduku la juu.

Tupu. Akafungua la pili. Tupu. Kwenye la tatu mkono wake ukatoka na mche wa njano. Watu wote wakasimama, mabeseni yakagongana. Yeye akaunusa. Akaunusa tena. Bibi Matle alikuwa ameshafika mbele, na kwa kuwa ni mzee hakuna aliyemzuia. Akamega kona, akatia mdomoni, akatafuna bila haraka.

"Hii ni ugali," akatangaza. Halafu akaongeza, kama mtu anayemaliza ushahidi, "Haina chumvi."

Nilimtafuta baba. Alikuwa amesimama pembeni, mahali ambapo pazia lingekuwepo kama lingekuwepo, anaonekana na kila mtu, hana pa kujificha. Nilimuona anavyotazama mlango, anawahesabu watakaotoka.

Mama akasimama. Aliweza kuvumilia mengi, lakini si hilo la chumvi.

"Chumvi unayo wewe, Bibi?" akauliza. "Chumvi hamna. Nimeupika mimi, kwa kuni zangu. Mlitaka sabuni, sabuni ndiyo hiyo. Njooni mmoja mmoja muoshe matumbo."

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba pia, msisahau. Kicheko kilianzia kwa wazee, kikaenda nyuma, kikatoka madirishani. Damiano, kola bado iko mkononi mwa mgambo, akauliza kwa sauti ya duka, "Nani wa kwanza kwenye foleni?" Akaukata ule ugali kwa uzi, kipande kwa mtu, na watu wakapanga mstari kule kule mbele, mabeseni mkononi, wanakula sabuni na kuomba nyongeza. Wengine waliamini mpaka mwisho kwamba mama alikuwa kwenye igizo. Waliuliza kwa nini aliwekwa nyuma siku zote.

Mnadhani yaliishia hapo. Jioni ile nyumbani Mjomba Sabas alizima redio yake ili asikie.

"Ukumbi umejaa," akasema baba.

"Umejaa sabuni," akasema mama.

"Mabenchi yote. Paska, ulihesabu?"

"Mara mbili. Na lile bovu."

"Sikatai mabenchi, Baba Paska. Lakini wale watu hawakukufuata wewe. Wewe mwenyewe unajua."

Nilisubiri baba abishe. Alikuwa na haki ya kubisha, maneno ya mkataba yalikuwa upande wake, mimi ningembana mtu kwa maneno hayo mpaka leo. Akakaa akitazama mikono yake. "Ni kweli," akasema. "Nipe Jumamosi ya pili. Bila masanduku."

Mama akamtazama mdogo wake. Sabas akasema kuna lori jingine Jumatatu inayofuata, atangoja.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Pale dukani hakuna aliyeuliza tena jiwe la Paska liko wapi. Walioniona walipiga midomo kama wanatafuna. Bibi Matle alinirudisha kwenye nusu kijiko. Na Jumatano, nilipotoka shule, nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia mwaka mzima. Cherehani lilikuwa linalia. Nilikimbia nikidhani kitambaa kimekuja. Baba alikuwa amelivua lile shuka la kijani, amelikata, na anashona begi. Begi la kuning'iniza begani, lenye mfuko wa ndani wa kuwekea kitu kidogo cha thamani, kama wanavyobeba watu wa machimboni. Alilishona vizuri, mshono mara mbili. Mama alipita mbele yake na ndoo, akalitazama lile begi, akalitazama cherehani likiwa uchi. Akaenda jikoni.

Ijumaa sikuthubutu kuweka jiwe. Nilijiambia nikiliweka litakaa peke yake pale mlangoni mpaka saa kumi, na kila anayepita atajua ukumbi wa baba yangu una mtu mmoja, na mtu huyo ni jiwe. Lakini Jumamosi nikaamka mapema, nikaona afadhali moja kuliko hamna. Nikalichukua, nikaenda.

Mawe yalikuwepo. Hayakuzunguka kona; nilihesabu thelathini na mawili, nikarudia, thelathini na mawili. Kofia ya mgambo ilikuwepo. Watu hawa walikuwa wanajua hakuna sabuni wala ugali. Ubao wa sokoni ulisema mbuzi tu. Nikaenda mbele kuona aliyefika wa kwanza. Lilikuwa jiwe jeusi, la masizi, bega moja limelainika, na majivu ya moto wa jana bado yameshika chini. Nililitambua kama unavyomtambua ndugu yako kwenye umati kabla hajageuka.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amechuchumaa jikoni mbele ya mafiga mawili, anasukuma dramu ya breki ambayo Damiano alikuwa ameitupa nyuma ya nyumba yetu, anaipima kama itakaa sawa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefika ukumbini?"

"Nimefika."

"Niko wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Basi." Akaweka sufuria juu, ikayumba, akaizungusha kidogo, ikakaa. "Mwambie baba yako chai itachelewa."

Jumatatu Mjomba Sabas alipanda lori akiwa na begi la kijani begani, na watu wa Mererani walimwuliza fundi wake ni nani. Baba hakutoka Babati tena. Maigizo yote matatu yaliigizwa, na katika la tatu mama alikuwa shangazi wa bwana harusi. Msimu ulipokwisha baba alitaka kulirudisha lile figa jikoni, mama akakataa. "Liacheni palepale. Likirudi mtasema yameisha." Kwa hiyo likabaki mlangoni, likawa linazuia mlango usipigwe na upepo, mwaka baada ya mwaka, kikundi kilipokufa, ukumbi ulipouzwa, mpaka leo ambapo ni duka la vifaa vya ujenzi na figa la mama bado linashika mlango.

Nilikwenda wiki mbili zilizopita. Na mimi, niliyezeekea kwenye biashara, nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa genge halifanyi: nililitazama kwa muda mrefu. Kisha nikainama nikalishika.

"Mama, unalitaka hilo jiwe?" akauliza kijana mwenye duka.

"Jiwe gani?"

"Hilo unalolipapasa."

Nikasema nimekuja kununua misumari. Nikanunua misumari. Wiki iliyopita nikarudi, nikanunua mingine, nikasema kwa kupitia tu kwamba lile jiwe linawachafulia mlango, ningeweza kuwatolea. Akatabasamu. Akasema haliuzwi, amelikuta. Mnajua "haliuzwi" ni bei ya kuanzia, lakini bei hiyo huishushi ukiwa umeshaonekana ukilipapasa. Sasa nikipita barabarani ananiita, "Karibu, mama wa jiwe."

Baba yupo, anakaa kwangu Nangara. Macho yamepungua, na kila jioni nikiingia ananiuliza kama limekuja. Mafiga mawili nimeyapanga uani, na ile dramu nimeisogeza pembeni kidogo, nafasi iko wazi. Misumari ninayo ya kutosha nyumba mbili. Basi nyinyi wa rika langu, mliozoea kununua kitu ambacho mwenye nacho anasema hamna, nishaurini: safari ya tatu niingie pale nikitafuta nini?